Makabati matatu ya mwaloni, kitanda hakipo

*Shikamoo fundi. Bibi yake mume wangu alifariki mwaka jana hapa Indiana, tukaachiwa vitu vya chumbani kwake: kabati pana la droo tatu lenye kioo kikubwa, kikabati kifupi chenye ufito nyuma kama wa kuanikia taulo, na kabati refu jembamba la droo tano. Kitanda hakipo. Ukoo wote unasema ni mwaloni, ni seti moja, vilikuja kwa meli kutoka Uingereza na vina miaka zaidi ya 200. Mimi nataka kitanda na vimeza viwili vya pembeni vinavyofanana navyo. Mume wangu anataka kwanza avipige msasa vyote na kuvipaka vanishi ya rangi moja. Nimekutumia picha. Tuna mtoto wa miaka miwili nyumbani. Tuanzie wapi? Na nani aliyevitengeneza?*

Marahaba, dada. Tuanzie kwa shemeji: mwambie aweke msasa chini. Sababu nitaifikia, lakini asiguse kitu mpaka amalize kusoma.

Picha zako ni nzuri, na umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umechomoa droo ukazipiga picha ubavuni. Watu hunitumia picha ya uso wa kabati, nakshi na vishikio. Uso ndio sehemu inayodanganya kuliko zote, maana ndiyo iliyotengenezwa ili impendeze mnunuzi. Mimi nilijifunza kazi Keko, Dar es Salaam, na mzee aliyenifundisha alikuwa akipelekewa kabati la kukarabati, kitu cha kwanza analigeuza likaangalia ukutani. Kwa samani za Marekani mambo ni yale yale. Ukweli uko mgongoni, chini, na ndani ya mtoto wa meza.

Sasa tazama droo za kabati la kioo na za kile kikabati kifupi, pale ubao wa ubavu unapokutana na ubao wa mbele. Unaona safu ya nusu duara, kama magamba ya samaki, na katikati ya kila gamba kuna kijiti cha mviringo? Hicho ni kitambulisho kizuri kuliko lebo. Ungio hilo linatokana na mashine iliyobuniwa na Charles Knapp wa Waterloo, Wisconsin, aliyepata hataza yake mwaka 1867. Kabla ya hapo, kona ya droo ilikatwa kwa mkono, kwa msumeno mwembamba na patasi: meno yanayopanuka kuelekea ncha, yanaumana na ya ubao wa pili kama vidole vya mikono miwili. Kazi hiyo ilikuwa ndiyo inayokwamisha viwanda, kwa sababu kila kitu kingine kilishapata mashine isipokuwa kona ya droo. Mashine ya Knapp iliondoa kikwazo hicho. Ilienea miaka ya 1870, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa imeachwa, kwani zilikuja mashine zinazoweza kukata meno yale ya zamani, ila yakiwa madogo na yote sawasawa.

Meno hayo madogo yanayolingana kama ya kitana ndiyo ninayoyaona kwenye droo za kabati lako refu.

Basi umeshapata majibu mawili kwa mkupuo. La kwanza: hakuna kilichokuja na meli kutoka Uingereza miaka 200 iliyopita. Vitu viwili vyenye magamba ni vya Marekani, na umri wake ni baina ya miaka ya 1870 na 1900 hivi. La pili: si seti moja. Kabati la kioo na kikabati kifupi ni ndugu wa tumbo moja. Kabati refu lilikuja baadaye, pengine miaka 10 au 20 mbele. Mgongoni mwake umepiga picha misumari ya vichwa vya mviringo, ile ya waya tunayoijua sote. Misumari hiyo ilishika soko la Marekani kuanzia miaka ya 1890. Ya zamani zaidi ilikuwa na mwili wa pembe nne. Msumari peke yake si ushahidi, mtu anaweza kuupigilia hata jana, lakini hapa unaungana mkono na droo.

Usiwaseme vibaya wazee wa ukoo. Familia nyingi nilizozifanyia kazi zina hadithi ya meli. Mara nyingi aliyekuja na meli ni bibi wa bibi mwenyewe, na samani zikaja kupandishwa melini baadaye, katika kusimulia.

Kabla sijaachana na umri, nikupe mambo matatu ya haraka utakayokutana nayo kwenye maduka ya vitu vya zamani. Mikwaruzo ya msumeno iliyopinda kama upinde chini ya ubao ni ya msumeno wa duara, kwa hiyo ni kazi ya kiwanda. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Ukiikuta kwenye bawaba ya kitu kinachouzwa kama cha 1890, uliza bawaba ilibadilishwa lini. Na kitu kilichoingizwa Marekani kutoka nje baada ya sheria ya ushuru ya mwaka 1890 kilitakiwa kionyeshe jina la nchi kilikotoka.

Tuje kwenye mti wenyewe. Waswahili wengi mwaloni tumeujua kanisani kabla ya kuuona: Abrahamu ameketi karibu na mialoni ya Mamre. Kwetu fundi anajua mninga, mvule, mkongo. Mwaloni una tabia moja ambayo mninga hauna, na ukiijua hutadanganywa tena. Ndani ya kila mti kuna tishu zinazotoka katikati kwenda gomeni, kama spoki za baiskeli. Kwenye miti mingi spoki hizo, tuziite miale, ni nyembamba huzioni. Kwenye mwaloni ni pana sana. Gogo likipasuliwa kawaida, ubao unaonyesha michoro kama milima iliyopandana, na miale inaonekana kama vistari vifupi vyeusi. Lakini gogo likigawanywa kwanza mapande manne, halafu kila pande likapasuliwa kufuata miale, msumeno unaifungua kwa ubavu. Hapo ubao unatokwa na mabaka yanayong'aa, kama utepe wa hariri uliomwagwa juu ya mbao. Mabaka hayo ndiyo yaliyo kwenye droo za kabati lako refu. Upasuaji huo unakula mbao nyingi na muda mwingi, ndiyo maana uliuzwa ghali, lakini ubao wake umetulia: mwaloni husinyaa kwa upana karibu nusu tu ukipasuliwa hivyo.

Kabati la kioo halina mabaka hayo. Lina milima. Ni mwaloni pia, ila wa mpasuo wa kawaida, na hilo nalo ni tofauti utakayoiona kila siku ukiviweka pamoja. Halafu kuna kile kikabati kifupi. Uso wake ni mwaloni, lakini mbao za ubavuni zinanitia shaka. Zina milima na vinyweleo vikubwa kama mwaloni, ila vistari vya miale sivioni kabisa. Nadhani ni mti unaoitwa ash, ambao viwanda vya enzi hizo viliuchanganya na mwaloni bila aibu, kwa kuwa ukishapakwa rangi ya dhahabu hakuna atakayeuliza. Chukua tochi, tafuta mahali ubao umekatwa kichwa, chini kule, uangalie. Kama kuna mistari iliyonyooka inayokatiza pete za mwaka kama miale ya jua, ni mwaloni. Kama hakuna, ni ash au mti mwingine uitwao elm. Usihuzunike ukikuta hivyo. Haimaanishi umebadilishiwa; ndivyo ilivyotoka kiwandani. Na ndani ya droo usitegemee mwaloni hata kidogo, huko waliweka mbao za bei ya chini.

Kuna udanganyifu mmoja wa kweli, nao ni mwaloni wa kuchapwa. Viwanda vya bei rahisi vilichukua mbao isiyo na sura, vikapitisha juu yake rola yenye wino iliyochongwa mabaka ya mwaloni, kama vile kitenge kinavyochapwa. Ukitazama kwa mbali unapendeza. Ukikaribia, mchoro unajirudia, na kwenye kona palipochubuka hakuna mchoro chini yake. Wako si huo. Lakini utakapokuwa unatafuta kitanda utakutana nao, kwa hiyo jaribu kidole na jicho kwenye kona kabla ya kutoa pochi.

Nani aliyevitengeneza? Umeuliza hivyo mwishoni, na wengi huuliza hilo kwanza. Jibu langu litakukatisha tamaa kidogo. Baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, mji wa Grand Rapids, Michigan, ulipata sifa ya samani nchi nzima, na tangu hapo kila muuzaji hupenda kusema kitu chake kinatoka huko. Ukweli ni kwamba viwanda vilikuwa vingi mno, na Indiana yenyewe ilikuwa navyo. Evansville, pale Mto Ohio, ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya samani. Kampuni za kuuza kwa katalogi kama Sears ziliuza maelfu ya vitu bila jina la kiwanda kuandikwa popote. Tafuta mgongoni, chini ya droo ya juu na nyuma ya ubao wa kioo: lebo ya karatasi, muhuri wa wino, au namba ya kalamu ya nta. Namba ni muhimu kuliko unavyodhani. Kiwanda kiliandika namba ya mtindo, na vitu vya seti moja mara nyingi vilibeba namba moja. Kama kabati la kioo na kikabati kifupi vina namba ile ile, udugu wao umethibitika bila ubishi. Kama hakuna lebo, usimpe mtu ruhusa ya kukuuzia jina.

Hapo sasa tunafika kwenye kitanda, na hapa ndipo nina maoni yangu.

Enzi hizo seti ya chumbani ilikuwa na vitu vitatu: kitanda, kabati la kioo, na kile kikabati kifupi. Kazi ya kikabati ilikuwa kunawia. Juu yake liliwekwa bakuli na jagi la maji, taulo likaning'inizwa kwenye ule ufito, na ndani kwa chini kikafichwa chombo cha haja ndogo ya usiku. Maji ya bomba yalipoingia ndani ya nyumba, kikabati kikakosa kazi. Kitanda nacho kikakosa godoro, kwa sababu vipimo vilibadilika. Ndiyo maana kabati za kioo zimejaa madukani na vitanda vyake ni vichache.

Vimeza viwili vya pembeni vinavyofanana havikuwamo. Hiyo ni desturi ya baadaye. Kwa hiyo usivitafute. Hutavipata, na ukivipata ni vipya vilivyozeeshwa. Unacho kimoja tayari: kile kikabati cha kunawia kina kimo kizuri cha kuwekea taa kando ya kitanda. Upande wa pili weka kimeza chochote cha mwaloni cha miaka ile, cha kuwekea taa au chungu cha maua, vinauzwa kila kona ya Indiana kwa bei nafuu.

Kuhusu kitanda una njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta kitanda cha mwaloni cha umri ule ule. Usitafute kiwanda kile kile, utazeeka. Tafuta mambo manne kwa mpangilio huu: mpasuo wa mbao, ukubwa wa nakshi, rangi, kisha vishikio na mengineyo. Watu hufanya kinyume, huanza na rangi. Rangi ndiyo rahisi kurekebisha. Mpasuo huwezi kuurekebisha maisha yako yote. Kwa kuwa kabati lako la kioo lina milima, kitanda chenye mabaka ya hariri kitaendana na kabati refu na kulikataa la kioo. Amua utakiweka karibu na lipi.

Halafu upime. Vitakizo vya wakati ule, yaani mbao za kichwani na miguuni, hasa cha mchagoni, vilikuwa virefu kwenda juu, vingine vinamzidi mtu mzima kimo, kwa hiyo angalia na dari lako. Upana wa kawaida ulikuwa inchi 54, na vingine vilikuwa inchi 48 tu. Godoro la sasa la inchi 54 lina urefu wa inchi 75, lakini mifumbati ya zamani, zile mbao ndefu za ubavuni, mara nyingi ni mifupi kwa inchi moja hadi tatu. Na kama mmeshazoea godoro la inchi 60 kwa 80, hamtalala. Seremala anaweza kukutengenezea mifumbati mipya mirefu na vyuma vya kupanulia, na akaweka ile ya zamani stoo bila kuikata. Muambie wazi: isikatwe. Chaga ziwe mpya kabisa, za zamani zina kawaida ya kuanguka usiku wa manane.

Njia ya pili ni kuchongesha kipya. Ni ghali, lakini vipimo vitakuwa vyako. Mpe fundi droo moja akae nayo karakana, asifanye kazi kwa picha ya simu. Mwaloni mpya ni mweupe na utaonekana kama jino la bandia mpaka upakwe rangi ya maji kwanza na shelaki ya kahawia, aina ya vanishi, juu yake.

Njia ya tatu ndiyo ningeichagua mimi. Nunua kitanda cha chuma. Ukienda kwenye katalogi za mwanzo wa miaka ya 1900, ambazo zimechapishwa upya na maktaba nyingi za huko zinazo, utaona vitanda vya chuma cheupe na shaba vikiuzwa kwa wingi, kwa sababu watu waliamini chuma hakifugi kunguni na ni rahisi kukifuta. Chumba cha mtu wa kawaida kilikuwa na kabati la mwaloni na kitanda cha chuma, wala hakuna aliyeona kasoro. Wewe una makabati ya enzi mbili tofauti na mipasuo miwili. Kitanda cha mwaloni kitakuwa mtu wa tatu kwenye ugomvi huo. Cha chuma kitanyamaza.

Sasa nirudi kwa shemeji na msasa wake.

Kabati refu, lile la mabaka, droo zake zimebinuka kama tumbo la ngalawa. Mbao ya mwaloni haijabinuliwa hivyo. Ni ganda jembamba la mwaloni lililobandikwa juu ya mbao nyingine. Unene wake ni kama milimita 1. Mashine ya msasa inalimaliza kabla hujageuka kuchukua kikombe cha chai. Najua kwa sababu niliwahi kufanya hivyo mwaka wangu wa kwanza huku Marekani, kwenye droo ya mteja, na bado naikumbuka ile rangi ya mbao ya chini ilivyochungulia kama goti kwenye suruali iliyochanika. Nililipa.

Jambo jingine: huenda hakuna haja. Picha zako zinaonyesha uchafu na nta nyeusi kuliko uharibifu. Afanye jaribio. Mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu, adondoshe tone la spiriti ya kileo (denatured alcohol). Vanishi ya zamani ikilainika na kunata baada ya dakika moja hivi, hiyo ni shelaki, ile inayotokana na wadudu wa India, na hiyo ni habari njema, kwa maana shelaki mpya huyeyukia ndani ya ile ya zamani ikawa kitu kimoja. Asafishe kwanza kwa kitambaa na mineral spirits ile inayouzwa madukani kwa kuyeyushia rangi, madirisha yakiwa wazi, akibadilisha kitambaa kila kinapokuwa cheusi. Vitambaa avitandaze nje vikauke, asivikunje ndani ya ndoo. Uchafu ukitoka, nadhani rangi za makabati yenu zitakaribiana zenyewe kuliko mnavyodhani. Baada ya hapo shelaki nyepesi, kisha nta.

Asitumie sufu ya chuma na maji. Mwaloni una tanini nyingi. Chuma na maji vikikutana nayo vinaacha madoa meusi kama wino. Duara jeusi juu ya kikabati cha kunawia limetoka huko huko, nadhani kopo la chuma lilikaa hapo miaka. Linaweza kutolewa kwa asidi ya oksaliki, lakini ni sumu, mpe fundi. Kioo chenye madoadoa mkiache. Na kwa kuwa umesema mna mtoto wa miaka miwili: kabati la kioo lina uzito mwingi juu na magurudumu madogo chini. Lifungeni ukutani kwa mkanda kabla ya mambo mengine yote. Rangi nyeupe niliyoiona ndani ya kikabati kifupi msiikwangue kabla ya kuipima kama ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Rangi za nyumbani zenye madini hayo zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978 tu.

Kuhusu thamani, vitu vya mwaloni vya aina hii vimeshuka bei sana kuliko vilivyokuwa miaka ya 1980, kwa hiyo usiwaze kuuza. Hilo linakusaidia wewe unayenunua.

Kabla hujanunua chochote, mwambie shemeji awapigie simu binamu zake wenye shamba. Vitanda hivi havikutupwa ovyo. Godoro lilipobadilika, kitakizo kiliegemezwa darini au kwenye banda la nyasi, na mifumbati ikageuzwa rafu. Asiulize "kitanda cha bibi kiko wapi", watasema hawajui. Aulize kama kuna ubao mrefu wa mwaloni wenye nakshi umeegemea mahali, na kama kuna mbao mbili za urefu wa futi sita zenye ndoano za chuma miishoni. Zikipatikana, nitumie picha ya namba ya mgongoni na ya mpasuo, karibu, mchana, bila taa.